Vugo Lililopigiwa Misri

Langoni, Amu
Alhamisi, mwezi ishirini na moja Rajabu, 1376

Kwa Famau bin Bwanamkuu, aliyeko Unguja

Mpendwa mjukuu wangu Famau,

Miaka mitatu! Paka wa jirani alipotea tukamlilia, karudi zake na wana watatu. Wewe uliaga kwenda Unguja kwa miezi sita tu, na mpaka leo hatujaona hata kisigino chako. Je, huko kuna mtu amekufunga kamba? Ama wamekulisha kitu ukasahau ndia ya kwenu? Kama ni kazi, hata punda wa Amu hupumzishwa Ijumaa.

Haya, nimekwisha kukukaripia, sasa nakusalimu. Salamu nyingi kama mtanga wa Shela, na baada ya salamu nataka kujua afya yako, na afya ya mkeo Radhiya, na ya mwanao Gharib ambaye sijambeba hata siku moja. Amekwisha kutambaa? Au ndiyo keshaota ndevu na mimi sijui? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Goti la kushoto hunisumbua nikipanda ngazi, la kulia bado ni la msichana. Meno yamebaki machache, lakini yaliyobaki yanafanya kazi ya wote.

Anayeandika ni dada yako Umulkheir, maana wajua kuwa mimi kalamu sikufunzwa. Nasema, yeye anaandika. Nimemwambia akipunguza neno nitajua, kwa kuwa akimaliza ataketi mbele yangu anisomee yote.

Basi nikuhadithie mpira. Najua utacheka. Bibi yako huyu, aliyekuwa akikuficha mpira wa matambara ndani ya mtungi ili usikikimbie chuo, leo ndiye wa kwanza mtaani kuuliza nani amefunga. Binadamu asiape kwa jambo lolote mpaka atiwe kaburini.

Yalianza kwa Bwana Obeid, jirani yetu wa mlango wa pili. Amenunua redio, ile inayotumia betri nzito kama tofali, na baada ya Alasiri huiweka dirishani, wanaume wakajaa barazani kwake kama nzi kwenye haluwa. Sisi wanawake hukaa kwenye wikio letu, chumba kile kinachovuka juu ya ndia kutoka nyumba yetu hadi kwa kina Alawiya. Wao tini, sisi yuu. Wao hawatuoni, sisi twawaona hata vipara.

Mwezi huu ikaja habari kwamba nti za Afrika zimejifanyia kombe lao wenyewe la mpira, la kwanza, huko Khartumu katika nti ya Sudani. Nti zilikuwa nne: Sudani wenyewe, Misri, Habushi na Afrika ya Kusini. Hiyo ya nne ilitolewa kabla ya kugusa mpira, kwa sababu ilitaka kuleta weupe watupu na kuwaacha nyumbani weusi wake. Nilipoambiwa hivyo nikasema, ahaa, basi mchezo huu una adabu. Leteni mkeka, nitausikiliza.

Shida ni kwamba redio ya Kairo yasema Kiarabu. Mimi Kiarabu nakijua cha kusomea sala, kinachokwenda kwa utulivu. Kile cha mpira ni cha mtu anayekimbizwa na nyuki. Hapo ndipo akaingia Mahmud.

Mahmud unamjua. Mwana wa Bi Tima wa Pate, anayesomesha watoto Kurani hapa Langoni, aliyesoma lugha hiyo kwa masharifu mpaka ikamkaa. Ndiye yule aliyeleta posa ya Umulkheir mwezi wa Maulidi. Na wewe, uliye wali wa dada yako, wa kumuoza, tangu babenu Bwanamkuu alipofariki, ulijibu mstari mmoja tu: ati ni mtu wa Pate, babake mkulima wa tumbako, tutaangalia. Tangu siku hiyo, kimya. Huko kuangalia kwako, Famau, ni kama kuangalia mwezi siku ya mawingu.

Umulkheir amesita hapa, hataki kuandika. Andika, wee! Ni maneno yangu, si yako.

Basi Mahmud husimama kwenye kona ya baraza, sikio moja redioni, akatafsiri kwa sauti ili ifike mpaka wikioni. Na hutafsiri vizuri! Ukimsikia waona vumbi linavyotimka.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili, Sudani na Misri. Mtaa uligawika. Bwana Muhdhar, muuza nguo, na wenziwe wote walikuwa wa Misri, kwa ajili ya vita vile vya mfereji vya juzi, ati wamesimama mbele ya Wazungu hawakukimbia. Mimi nilikuwa wa Sudani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Mtu ametandika mikeka, amepika, amealika watu, halafu afungwe kwake mwenyewe? Haipendezi.

Bwana Muhdhar akapaza sauti kutoka tini: "Bi Mwanatumu! Leo utalala na njaa!"

Nikamjibu: "Mimi nina wa kunipikia, Muhdhar. Wewe usiye na mke ndiye wa kulala njaa!"

Wikio lilipasuka kwa kicheko, na barazani kwao pia.

Misri wakapata goli la kwanza, nalo walilipata kwa penalti. Famau, hii penalti ni jambo gani? Mtu asimamishwe peke yake mbele ya lango, ndugu zake wote wawekwe kando, adui apige apendavyo! Huo si mchezo, hiyo ni hukumu. Nilisema hivyo kwa sauti na Bwana Obeid mwenyewe akakubali.

Lakini baadaye Sudani wakarudisha. Ewe! Nilipiga kigelegele mpaka kuku wa Alawiya wakaruka ukuta. Moja kwa moja. Nilitoka mkekani nikaganda dirishani, na goti la kushoto sikulisikia kabisa.

Kisha Mahmud akanyamaza. Redio inapiga kelele, yeye kimya. Bwana Obeid, mtu wa huruma yule, akamnong'oneza, lakini wikio husikia yote: "Mahmud, mwambie Bi ni sare bado. Mtu mzima yule, asije akatuangukia."

Mahmud akainua uso kwenye dirisha letu. "Bi Mwanatumu, Misri wametia la pili."

"Sikiliza vizuri!" nikamwambia.

"Nimesikiliza, Bi. Limeingia. Si mimi niliyelitia, wala siwezi kulitoa."

Nilikuwa na kokwa ya tende mkononi. Nikamtupia. Ikampata begani. Akaiokota, akaiweka pembeni mwa baraza taratibu kana kwamba ni amana yangu, akaendelea kutafsiri mpaka mwisho. Sudani walifungwa mbili kwa moja, nami siku hiyo sikula.

Niliwaza usiku ule, na si mpira nilioupigia bongo. Nilimuwaza yule kijana. Ana posa imelala kwangu. Kunipendeza ndiyo haja yake kubwa duniani. Mtu mzima anamshika mkono amwambie danganya kidogo, kuna nini, ni mpira tu. Naye hakunidanganya.

Haya, Jumamosi iliyopita ndiyo ikawa siku ya kukata kombe ni la nani, Misri na Habushi waliopita bila kucheza. Wikio lilijaa hata nikaogopa boriti. Sijakunja vizuri buibui langu goli limeingia. Sijamaliza kuuliza nani, limeingia la pili. Mpaka mwisho yakawa manne kwa nunge, na yote manne kayatia mtu mmoja! Mtu mmoja, Famau! Hakuwabakishia wenziwe hata makombo.

Bwana Muhdhar akaanza kuwadhihaki Habushi, ati hivi na ati vile. Nikamnyamazisha. Nikamwambia: "Masahaba wa Mtume walipoteswa Makka walikimbilia kwa nani? Si kwa Najashi wa Habushi? Waliwapa hifadhi, wakawapa na amani. Wamefungwa manne, basi, yatosha. Usiwafunge la tano kwa ulimi." Akasema, "Kweli, Bi." Muhdhar si mbaya, ni kelele tu.

Wataka kujua kwa nini nilifurahi na nilikuwa wa Sudani? Nitakwambia. Misri ametufunga sisi mbili kwa moja, akamfunga mwenzetu manne. Basi sisi tulishindwa na bingwa, tena tulimtoa jasho. Kushindwa kwa namna hiyo si aibu. Nilihisi Sudani wameshinda kidogo ndani ya kushinda kwa Misri. Umulkheir asema hesabu hiyo haiko. Yeye ana kalamu, mimi nina umri.

Furaha ikanipanda kichwani. Nikaenda kwenye kasha langu, nikazitoa pembe za nyati, zile nilizopigia vugo harusi ya mamako, ngoma isiyopigwa ila pana harusi, nikapanda darini nikazipiga. Weeee! Alawiya akaleta zake. Na mkewe Bwana Obeid. Vigelegele juu ya dari tatu. Magharibi haijaadhiniwa bado, sauti inakwenda mtaa mpaka mtaa.

Sasa fikiri, Famau. Wewe ni mtoto wa Amu. Unapita ndiani, unasikia vugo linatoka katika nyumba yenye msichana, na wajua posa yake imelala tangu Maulidi. Utasema ni mpira wa Khartumu?

Baada ya sala mlango ukagongwa. Nikafungua, nikawakuta wanawake ndia nzima, na mbele yao Bi Tima. Alikuwa amekuja kutoka Pate kumtazama mwanawe, amefikia kwa dadake hapa hapa mtaani. Kichwani sinia, kwenye sinia haluwa na udi na vikuba vya asumini vilivyotungwa mbiombio, na macho yake yanang'aa kwa machozi. "Bi Mwanatumu," akasema, "Mungu akulipe. Umenitua mzigo."

Nilifungua kinywa nimwambie. Kisha nikakifunga. Nakwambia bila haya: nilikifunga. Nilisema moyoni, jambo hili limejileta lenyewe, nani mimi wa kulifukuza mlangoni? Wali yuko Unguja anaangalia. Akija atakuta mtaa mzima umekwisha kula haluwa.

Na dada yako, aliposikia, alikimbilia ndani nyuma ya pazia. Nilimuona alivyopita. Famau, uso ule sijauona tangu babenu yuko hai. Andika, Umulkheir, hata hilo uliandike.

Ndipo Mahmud akaja. Wanaume wamemzunguka, wanampiga mabega, Muhdhar anampigia kelele kama ndiye aliyetia yale magoli manne. Akasimama pale pale kwenye kona yake ya baraza, akainua mkono.

"Jamaani, msinipongeze. Vugo hili Bi Mwanatumu amelipigia Misri. Posa yangu haijajibiwa. Wali ni Famau, na Famau hajasema."

Muhdhar akamwambia, "Wewe una wazimu? Mtaa mzima umekupa mke, wamrudisha?"

"Mtaa hauozi binti, Bwana Muhdhar."

Bi Tima alinitazama mimi. Hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi, na mimi nikaitazama sakafu. Akalifunika sinia kwa kawa lake, akasema polepole, bila matusi hata moja, na ingekuwa afadhali angenitukana: "Bi Mwanatumu, mwanangu si mpira wa kupigwa huku na huku. Nimengoja tangu Maulidi. Shaabani ikimalizika bila jibu, nitamtafutia mke kwetu Pate, na hapatakuwa na ugomvi baina yetu." Akaondoka. Wale wanawake wakaondoka mmoja mmoja, na mimi nikabaki mlangoni nina pembe mkononi kama mtu aliyechinja asiye na mgeni.

Asubuhi nikamuuliza Umulkheir, "Umelia?"

"Mato yameingia moshi, Bibi."

"Moshi gani, na jiko halijawashwa?"

Akaenda kuliwasha.

Nilimkasirikia Mahmud siku mbili. Nilisema, mpumbavu mkubwa, amepewa na Mungu akatema. Siku ya tatu hasira ikageuka, kwa sababu nilikumbuka ile Jumapili. Mara mbili katika wiki moja mtu huyu amewekewa urongo mbele yake kama sahani ya biriani, wa kwanza mdogo, wa pili mkubwa, wenye faida yake mwenyewe, na mara zote mbili kausukuma kando. Wenye maneno matamu nimewaona wengi tangu nizaliwe, na wengine niliwazika. Wa kuniambia lisilonipendeza, nikamtupia kokwa, na wiki ile ile akarudi kuniambia jingine, ni huyu peke yake. Mtu kama huyo akiwa na shida atamwambia mkewe nina shida. Akikosea atasema nimekosea. Wewe mwenyewe una mke, wajua kama hilo ni jambo dogo.

Umulkheir ana miaka ishirini na mbili. Bi Tima hasemi maneno ya mchezo. Rajabu iko ukingoni, Miraji ni wiki ijayo, kisha ni Shaabani tu, halafu Ramadhani, na Ramadhani hakuna atakayekungoja. Nimekwambia yote hayo ili usije ukasema hukuambiwa.

Na usinitumie wakala. Najua yafaa, kadhi kaniambia yafaa. Lakini dada yako hana baba, na siku ya kuozwa nataka asikie sauti ya damu yake, si ya mtu aliyetumwa.

(Kaka Famau, mimi Umulkheir. Bibi ameinuka kwenda kuswali Alasiri, haya si maneno yake. Hajaniuliza kama nataka, na wewe hujaniuliza pia. Nataka. Tafadhali njoo.)

Nimerudi. Nimemwambia anisomee mpaka hapa, akasoma, na karibu na mwisho kauruka mstari akidhani sikuona jicho lake lilivyoruka. Sikuuliza.

Mtaa umepoa tangu kombe liishe. Wanaume wamerudi barazani, redio yasema bei ya pamba na safari za mawaziri, hakuna anayepiga kelele. Juzi nilimuuliza Bwana Obeid kutoka wikioni, "Na sisi je? Watu wetu watapelekwa lini kwenye kombe hilo?" Akasema, "Nti yetu ina wenyewe kwanza, Bi, hao Wazungu. Mpaka waondoke." Nikamwambia basi nijulishwe mapema wakiondoka, nichague mahali pa kukaa karibu na dirisha. Wakacheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Nimeambiwa watacheza tena baada ya miaka miwili. Nitawangoja. Sina haraka ya kufa na Sudani hajapata lake.

Msalimie Radhiya, na umwambie sina neno naye, neno langu liko na mumewe. Gharib mbusu mashavu yote mawili na umfundishe kusema bibi kabla hajafundishwa matusi ya Unguja. Alawiya akusalimu. Bwana Obeid akusalimu. Bwana Muhdhar akusalimu na asema Misri, Misri, Misri. Mahmud hajanituma salamu, kwa adabu yake, lakini mimi nakupa.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki isiyokuweka mbali na watu wako, akulinde na jicho na homa na marafiki wabaya, aulainishe moyo wako kabla sijaja mwenyewe kuulainisha kwa mkono.

Ni mimi bibi yako, niliyekukasirikia kwa sababu sina mwingine wa kumkasirikia kama wewe,

Mwanatumu wa Langoni

Siku ukifika: ukishuka gatini usije kwangu kwanza, wala usikae barazani kwa mtu ukanywa kahawa. Nenda chuoni, mtoe Mahmud nje, tembea naye mpaka Shela na kurudi, umuulize lolote unalotaka. Ukiridhika, mlete kwangu mmeshikana mikono. Usiporidhika, panda ngazi peke yako uniambie usoni.